Mjadala: Ua wa miti kando ya shule ya msingi unasafisha hewa, au tunajifariji tu?

Mwenye Hoja

Shule ya msingi imepakana na barabara yenye magari mengi. Uwanja wa kuchezea unaanzia mita 8 kutoka ukingo wa lami, na upande huo una uzio wa waya wa mita 60. Fedha iliyopo inatosha jambo moja kubwa. Kundi la kwanza linataka mita zote 60 zipandwe vichaka na miti. Kundi la pili linataka geti lihamishiwe nyuma ya shule ili foleni ya magari ya asubuhi iondoke mbele ya madarasa. Naomba wachangiaji waje na vipimo, maana hapa kila mtu anapenda miti na mapenzi hayo hayapimi hewa.

Kipimahewa

Nianze na tunachopambana nacho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango elekezi cha mwaka cha chembechembe ndogo sana ziitwazo PM2.5 (zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5) kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na cha gesi ya nitrojeni dioksidi (NO2) kutoka 40 hadi 10. Kando ya barabara yenye dizeli nyingi viwango hivyo huvukwa mara kadhaa. Mtoto wa darasa la kwanza anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na pua yake iko chini zaidi, karibu na kimo ambako moshi wa magari hutokea.

Sasa mti unafanya nini? Watu wanadhani jani ni chujio. Chembechembe zinapopita kwenye ua, sehemu ndogo tu hunasa juu ya majani, na mvua au upepo mkali unaweza kuziachia tena. NO2 huingia kwenye vitundu vya jani polepole, wakati moshi unapita kwenye ua kwa sekunde chache. Jopo la wataalamu wa ubora wa hewa la Uingereza lilichambua suala hili mwaka 2018 na halikuiona mimea kuwa suluhisho la uchafuzi wa mijini. Faida ya ua ni kuusukuma upepo: moshi unapanda juu na kuchanganyika na hewa safi kabla ya kushuka. Ua haufuti uchafu, unauhamisha.

Umbali, kwa upande mwingine, hausinyai. Moshi wa barabarani hupungua kwa kasi katika makumi ya mita za mwanzo, na ndani ya mita 100 hadi 200 hukaribia hali ya kawaida ya eneo zima. Kwa hiyo geti lihamishwe.

Mtunza Miche

Ndugu Kipimahewa, umeeleza vizuri jinsi ua unavyofanya kazi kisha ukaukataa kwa sababu hiyohiyo. Kama moshi unapandishwa juu ya vichwa vya watoto na kushukia mbali ukiwa umechanganyika, shule inahitaji nini zaidi? Hatupandi kusafisha jiji zima. Tunapanda kuukinga uwanja ulio nyuma ya ua.

Ushahidi wa shule za msingi upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichapisha mwaka 2022 matokeo ya shule nne za Manchester: tatu zilipandiwa uzio wa kijani wa aina tofauti, ya nne ikaachwa bila kitu kwa kulinganisha. Uliofanya vizuri zaidi ni ule wa mwerezi mwekundu, Thuja plicata, wenye majani madogo yenye magamba: masizi uwanjani yalipungua karibu nusu. Watafiti hao wanaona kunaswa kwa chembechembe kwenye majani kuwa na uzito mkubwa kuliko unavyoupa wewe.

Nitakubaliana nawe kwa jambo moja: ua mwingi unaopandwa mashuleni haufai kitu, kwa sababu watu hupanda miti ya kivuli. Shina tupu mita 2 chini, majani juu, na moshi unapita katikati ya mashina kama hakuna kilichopandwa. Ua wa hewa lazima uwe na majani kuanzia ardhini hadi kileleni, bila dirisha.

Fundi Barabara

Kabla hamjachimba, angalieni umbo la barabara yenyewe. Kama shule iko upande mmoja na ng'ambo ni wazi, ua unasaidia. Kama barabara ni nyembamba na ina majengo marefu pande zote mbili, hasa yanayozidi upana wake maradufu, msipande miti yenye mwavuli. Matawi yakikutana juu, yanafunika moshi kama kifuniko cha sufuria na hewa inakuwa mbaya zaidi palepale watoto wanapopita. Katika barabara ya namna hiyo kinachofaa ni kichaka kifupi tu, cha mita moja na nusu hadi mbili, kati ya lami na njia ya miguu.

Jambo la pili ni mianya. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa mapendekezo mwaka 2016 kwa ua wa kando ya barabara kuu: urefu wa kwenda juu mita 5 au zaidi, unene mita 10 au zaidi, na uendelee mita 50 kupita eneo linalokingwa kila upande. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kabisa. Upepo hauji kwa kupiga magoti mbele ya ua. Unazunguka pembeni na kupenya panapopenyeka. Geti la mita 4 katikati ya ua wa mita 60 ni mdomo unaovuta moshi, na watoto hupanga mstari hapohapo.

Kipimahewa

Asante, Fundi. Mtunza Miche, mna mita 8 kati ya lami na uwanja. Unene wa mita 10 utautoa wapi?

Mtunza Miche

Siutoi. Mapendekezo ya EPA ni ya barabara kuu zenye nafasi. Hapa tunajenga kinachowezekana, na tusimwahidi mzazi kitu cha barabara kuu. Mpango wangu kwa mita 60 ni huu.

Chimba mtaro mmoja mrefu badala ya mashimo: upana mita 1.2, kina sentimita 50. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Kando ya barabara udongo huwa umeshindiliwa na magari na mitambo. Shimo la mche mmoja mmoja hugeuka ndoo, mvua ikinyesha maji hayatoki na mizizi inaoza. Mtaro unaondoa tatizo hilo. Tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 10, yaani karibu mita za ujazo 7 kwa mtaro wote, uichanganye na udongo wa juu unaporudishia.

Panda safu mbili zilizopishana, sentimita 60 kati ya safu na safu, sentimita 50 kati ya mche na mche. Hiyo ni miche 240. Agiza 265, ile 25 ibaki kitaluni kujazia itakayokufa, kwa sababu ukijazia mwaka unaofuata kwa mche mdogo, majirani zake wataunyima mwanga na pengo litabaki pengo milele. Chagua miche ya sentimita 40 hadi 60. Watu hununua mirefu ya mita 2 ili ua uonekane haraka, na hiyo ndiyo inayokufa, maana mizizi yake imejizungusha kwenye kifuko na haiwezi kulisha majani yote yale.

Mche wa majani mapana ukiongeza sentimita 30 hadi 40 juu ya kimo ulichopandwa nacho, kata kichwa. Inauma kuona, lakini usipokata hautoi matawi ya chini, na bila matawi ya chini huna ua wa hewa. Rudia kila unapoongeza sentimita 30. Umbo la kupogoa liwe pana chini na jembamba juu, tuseme mita 1.5 kwenye kitako na mita 1 kileleni. Ua uliopogolewa wima kama ukuta hujitia kivuli, majani ya chini hukauka, na baada ya miaka 4 mna mashina matupu yenye kofia. Ukiwa umepanda jamii ya mtarakwa au mwerezi, usikate kamwe hadi kwenye mti wa kahawia usio na majani. Mingi ya jamii hiyo haichipui tena hapo.

Safu ya nyuma, upande wa uwanja, iachwe ifike mita 4 au 5. Ya mbele ibaki mita 2.

Fundi Barabara

Isipokuwa karibu na geti na kivuko. Hapo vichaka visizidi sentimita 60, la sivyo dereva hamwoni mtoto wa miaka 6 anayechomoza. Ua unaokinga mapafu ukaficha mtoto mbele ya lori si kinga. Na kama geti linabaki mbele, jengeni kipande cha pili cha ua ndani ya uwanja, mita 3 nyuma ya geti, kiwe kirefu kupita upana wa geti kwa mita 2 kila upande. Watoto wanaingia na kukizunguka, ila upepo haupati njia iliyonyooka. Angalieni pia nyaya za umeme juu na bomba la maji chini kabla ya mtaro.

Bi Afya

Mmezungumza umbo, sasa tuje kwenye mmea wenyewe, maana hii ni shule ya watoto wadogo na kila kinachochumika kitaingia mdomoni.

Oleanda isipandwe, hata kama inavumilia moshi na ukame kuliko mingi: ni sumu kuanzia majani hadi maua yake. Mbono una mbegu za kuua. Mnyaa utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuharibu jicho, na watoto huvunja matawi. Mkaratusi hutoa gesi inayoitwa isoprini, na isoprini ikikutana na moshi wa magari chini ya jua kali huchangia kutengeneza ozoni, ambayo nayo inaumiza mapafu. Tena shina lake ni tupu chini, kwa hiyo haufai hata kwa hoja ya Mtunza Miche. Misaipresi na baadhi ya ndugu zake hutoa chavua nyingi inayosumbua wenye pumu. Ukiipanda, pogoa kabla haijachanua. Msitegemee aina moja tu mita zote 60. Ugonjwa mmoja ukiingia, ua wote unaanguka msimu mmoja.

Sifa za kutafuta ni hizi: majani madogo, yenye vinyweleo, nta au magamba, yasiyopukutika yote kwa pamoja, mmea unaovumilia kukatwa mara kwa mara.

Lakini nina neno zito kuliko hilo. Ndani ya shule hiyohiyo tunaochangia hapa hatujataja moshi wa shule yenyewe. Jiko la kuni lililo mita 15 kutoka madarasani linatoa PM2.5 kila siku ya masomo, na hakuna ua utakaolizuia kwa sababu liko upande wa ndani. Ukishaweka ua mzito, moshi huo utakawia zaidi kutoka. Halafu takataka zinazochomwa kwenye shimo nyuma ya vyoo. Na miti mliyopanda itadondosha majani, yatafagiliwa asubuhi, yatachomwa. Shule nyingi zitapanda miti kusafisha hewa kisha ziichome miti hiyo kidogo kidogo kila wiki! Ua usipandwe kabla ya kutengwa sehemu ya mboji: vizimba viwili vya mbao au matofali, kila kimoja mita 1 kwa 1 kwa 1, kimoja kinajazwa wakati kingine kinaiva.

Mwalimu wa Somo

Bi Afya amegusa penyewe, naomba niongeze ardhi. Uwanja mwingi wa shule ni udongo mtupu. Watoto mia tatu wakikimbia mapumziko, lile vumbi linalopanda si la barabara. Je, fedha isingefaa zaidi kwenye nyasi?

Kipimahewa

Mwalimu, hapa kijani kinashinda bila ubishi wangu. Vumbi la uwanja mara nyingi ni chembe kubwa, za jamii ya PM10 na zaidi, na kuzuia chanzo chake ni kufunika ardhi tu. Ukoka unavumilia kukanyagwa kwa sababu unatambaa kwa mashina ya juu na ya chini ya ardhi. Panda vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, sentimita 20 hadi 30 kila upande, mwanzo wa mvua.

Kinachokwenda kombo ni kufungua uwanja mapema. Gawanya uwanja nusu mbili, funga moja kwa kamba mpaka nyasi zikutane, kisha ubadilishe. Mbele ya magoli, kwenye mistari ya foleni na chini ya bembea nyasi hazitaishi. Hapo weka kokoto ndogo au vipande vya mbao, msipoteze miche. Na ufagizi wa udongo mkavu kila asubuhi kabla ya kengele ukome. Nyunyizeni maji kwanza, au fagieni jioni watoto wakishaondoka.

Mwalimu wa Somo

Na mimea ya vyungu darasani? Wazazi wanaisema sana.

Kipimahewa

Chanzo chake ni majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Darasa si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikokotoa upya majaribio ya namna hiyo wakakuta kwamba ili mimea ilingane na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo la kawaida, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Fungueni madirisha ya upande usio na barabara. Vyungu viwe vya somo la sayansi.

Mtunza Miche

Narudi kwenye fedha. Kipimahewa, ukihamisha geti, foleni ya magari inahama, lakini barabara inabaki mita 8 kutoka uwanjani siku nzima. Breki na matairi hutoa chembechembe hata magari yakiwa ya umeme.

Kipimahewa

Ni kweli, na ndiyo maana ningependa tupime kabla ya kugombana zaidi. Tatizo ni kwamba vipimo vya mashuleni mara nyingi havisemi kitu. Kihisi cha bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 80, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi, na asubuhi yenye ukungu ndiyo saa ya foleni. Utasoma uchafu mkubwa usiokuwepo, kisha mchana utaamini hewa imejisafisha.

Kwa NO2 tumieni mirija midogo ya kufyonza gesi, inayotundikwa wiki 4 kisha kupelekwa maabara. Wekeni mitatu mitatu kila kituo, kwa sababu mmoja ukikosea mtajua. Vituo viwe vitatu: ukingo wa barabara, uwanjani nyuma ya ua unaopangwa, na sehemu ya pili ya barabara hiyohiyo isiyo na ua. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika. Bila hicho, mwaka wa mvua nyingi au wa magari machache mtauita ushindi wa miti. Kimo kiwe mita 1 hadi 1.2, pua ya mtoto ilipo, mkivifunga mahali ambapo mikono haifiki, kwenye kijisanduku chenye matundu.

Ua wenu utachukua miaka 2 hadi 3 kuziba. Kwa hiyo muda wa kupima hali ya awali mnao bila kuchelewesha kitu.

Mtunza Miche

Nakubali kituo cha tatu. Na nakubali geti lihamishwe kama lazima tuchague moja, kwa sharti moja: mtaro uchimbwe msimu huohuo wa mvua na miche ipandwe ikiwa midogo, maana kila mwaka unaopita bila kupanda ni mwaka mmoja zaidi wa uwanja ulio wazi. Miche midogo si gharama kubwa. Gharama ni maji.

Mwenye Hoja

Hapo ndipo kamati nyingi hukwama. Fafanua maji.

Mtunza Miche

Miche 240, lita 5 kila mmoja, ni lita 1,200 kwa mwagilio mmoja. Mara mbili kwa wiki katika kiangazi ni lita 2,400. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 linatoa hadi lita 2,000, pungufu kidogo kwa upotevu, kwa hiyo tangi linasaidia katikati ya msimu ila haliwezi kuvusha kiangazi peke yake. Punguzeni mahitaji: matandazo ya sentimita 8 juu ya mtaro wote, yakiachwa sentimita 10 mbali na kila shina yasije kulioza. Kisha fukieni dumu la lita 5 kati ya kila miche miwili, lenye matundu mawili ya sindano chini na mfuniko ukibaki juu ya udongo. Madumu 120, lita 600 kwa kujaza mara moja, na maji yote yanakwenda kwenye mizizi.

Likizo ndiyo inayoua ua wa shule. Watoto wanaondoka, mara nyingi kiangazini, na wiki tano bila maji zinatosha kumaliza miche ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kusaini ununuzi, kamati iandike jina la atakayejaza madumu hayo kila Jumatatu na Alhamisi ya likizo, na malipo yake yatengwe kutoka fedha hiyohiyo ya kupandia. Kama hakuna jina, pandeni mita 20 tu mwaka huu, zile zilizo mbele ya madarasa ya chini, mzihudumie vizuri, na mita 40 zisubiri.

Fundi Barabara

Mita 20 hizo ziwe na ncha zilizopinda kuelekea ndani kwa mita 3 kila upande, basi. Vinginevyo upepo utazunguka.